Hapa Usikohoe

Tunduma,
Jumapili, 5 Novemba 2023

Kwako shangazi Loisi,

Shikamoo. Najua barua hii imekukuta mlangoni na umekunja uso, kama kawaida yako ukipokea karatasi. Kunjua. Haina msiba ndani.

Huku sote wazima. Mvua bado, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Foleni ya malori imerudi nyuma hadi Mpemba, na mchele wa Kamsamba umeadimika, kwa hiyo Wazambia wa Nakonde wananijia na salamu zao za “mulishani” kabla sijakunjua turubai. Biashara siyo mbaya. Lile blanketi ulilonipa bado ninajifunika.

Nimezunguka vya kutosha. Shangazi, nina mimba ya miezi minne.

Kliniki nimeshaanza. Siku ya kwanza wanataka uende na mwenza mpimwe damu wote wawili. Nilikwenda na patna wangu, tukapimwa, tuko salama, kadi nimepewa. Hilo usiliwaze.

Ninaloliwaza mimi ni Aprili. Nyumbani kwetu mtoto wa kwanza anapokelewa na shangazi wa mama yake. Wewe ndiye wa kumwosha, wewe ndiye wa kumtoa nje siku ya nane na kumtajia jina. Hata mama angekuwa hai kazi hiyo ingekuwa yako, na wewe ndiye uliyenilea. Nakuomba uje ukae nami wiki tatu tu. Peke yangu naogopa.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako inaongea kwa spika, na jikoni kwako kuna masikio nisiyoyapenda. Unajua ninamsema nani. Nilikuwa na miaka kumi siku yule mwanamke alipoingia na sanduku lake, na nilikuona ukilia nyuma ya jiko. Kama wewe umemsamehe, mimi bado. Nisalimie wote hapo, yeye asihesabiwe.

Mwanao,
Erica

*

Isansa,
26 Novemba 2023

Mwanangu Erica,

Marahaba. Barua yako ameileta Gwakisa, kondakta wa Kosta. Alidai kikombe cha maziwa kwanza ndipo akaitoa mfukoni, imekunjwa kama tiketi ya jana.

Sisi wazima. Mvua mbili zimenyesha, mahindi ya shamba la chini yako ardhini. Kahawa imetoa maua, ukifungua dirisha asubuhi nyumba yote inanukia. Ng'ombe mweupe amezaa dume. Kwaya ya akina mama imepata mwalimu mpya, kijana, anatuimbisha haraka utadhani tunawahi basi.

Habari yako nimeipokea na nimefurahi. Nalisema hilo kwanza ili kesho usije ukasema sikufurahi. Nililia kidogo, na haikuwa huzuni.

Sasa nieleze. Patna ni nani? Nimeuliza hapa. Mjukuu wa jirani anayesoma sekondari anasema ni neno la Kiingereza, maana yake mtu mnayeshirikiana. Kushirikiana nini? Mimi nimeshirikiana na kwaya miaka thelathini na sijapata mimba. Hapa kwetu tunasema mwenzangu, na lenyewe halijanyooka: kuna mwenzangu wa kwaya, kuna mwenzangu tuliyebarikiwa naye siku moja kanisani, na kuna mke mwenza, ambaye hakuna aliyekuuliza kama unamtaka. Lakini mwanamume aliyekupa mimba ana jina, ana baba yake, na ana mahali alikozaliwa. Niandikie hayo matatu.

Kuhusu Aprili, tutaona. Aprili kuna maharage.

Wa nyumbani wote wanakusalimu. Wote.

Shangazi yako,
Loisi

*

Tunduma,
17 Desemba 2023

Kwako shangazi Loisi,

Shikamoo. Hongera kwa ndama. Huyo mwalimu wa kwaya mwambie kuna watu wana magoti.

Mimi mzima, miguu inavimba kidogo jioni. Mtoto ameanza kucheza, hasa nikipima mchele, sijui anapenda sauti yake ukimwagika.

Umeuliza patna. Tunduma kila mtu ni patna wa mtu. Anayebadilisha kwacha ananiita patna ili nisiende kwa jirani yake. Mama wa Nakonde ananiita patna akitaka nimwongezee kikombe juu ya kilo. Dereva aliyekwama kwenye foleni ananiita patna akiwa na njaa. Edson, yule muuza maharage ninayegawana naye meza na mizani, ni patna, na huyo kwa kweli anastahili maana mwaka wa nne sasa hatujagombana. Na mtu aliyekaa na mwenzake miaka bila kumwita mchungaji, naye atakwambia huyu ni patna wangu. Ni neno zuri, shangazi. Linaingia kila mahali na halikuulizi kitu.

Wangu yupo. Anaitwa Clever. Kazi yake ni ya safari. Akirudi tutakuja, hayo mengine utamuuliza mwenyewe.

Mwandiko wako umenishangaza. Zamani mistari yako mitatu ilijaza ukurasa, sasa imenyooka kama ya mwalimu. Umepata miwani?

“Tutaona” siyo jibu. Unakuja au huji? Kama ni yule mwanamke anayekuzuia niambie, nije mwenyewe nimweleze. Alikuchukulia mume, asikuchukulie na mjukuu. Na hii pia asiione.

Krismasi njema.

Mwanao,
Erica

*

Isansa,
21 Januari 2024

Erica,

Marahaba. Wazima hapa. Palizi imetushika.

Gwakisa amekuja na maneno, na safari hii hakudai hata maziwa. Anasema huko sokoni wanasema mwenza wako ni yule Edson wa meza yenu. Anasema ana mke wa ndoa na watoto watatu, na kwamba jina lake liko kwenye kadi yako ya kliniki, kuna watu waliliona likiandikwa. Na wewe uliniandikia Clever.

Nimekulea kwenye nyumba yenye wanawake wawili. Uliona tulivyokaa. Uliona mimi nilivyokula peke yangu chumbani. Kama anayosema Gwakisa ni kweli, basi wewe ndiye uliyeingia na sanduku safari hii. Niambie kama nimekosea. Safari hii napenda nikosee.

Sikuulizi ili nikuchape, umeshakua. Nauliza ili nijue usiku nimwombee nani.

Shangazi yako,
Loisi

*

Tunduma,
4 Februari 2024

Kwako shangazi Loisi,

Shikamoo. Umekosea nusu. Nusu nyingine ni yangu.

Baba wa mtoto ni Clever kweli. Ni dereva wa lori, anapeleka saruji Kongo. Foleni ikisimama siku nne, siku tano, alikuwa anakula kwangu na kulala kwangu. Mwaka mmoja na nusu. Mbele ya watu aliniita patna, nami nilicheka, nikadhani ni haya ya kiume. Nilipomwambia nina mimba alisema, “Patna, tutaongea nikirudi.” Hiyo ilikuwa Septemba. Namba yake haipatikani. Baba yake simjui na alikozaliwa sikuwahi kuuliza, ndiyo maana sikukuandikia.

Sasa kliniki. Asiye na mwenza hafukuzwi, anaambiwa tu apite kwa mtendaji wa mtaa aandikiwe barua kwamba hana. Ofisi ya mtendaji wetu ni chumba kidogo na benchi nje, na benchi hilo kila asubuhi limejaa wanawake ninaowauzia mchele. Nilikwenda mara mbili nikageuka. Nilishindwa, shangazi. Nilishindwa kusimama mbele yao nisubiri karatasi yenye mhuri inayosema sina mtu.

Edson alinikuta nalia nyuma ya magunia. Nikamwomba anisindikize, akae kwenye benchi kwa muda mfupi tu. Akasema sawa, patna, akafuta mikono tukaenda. Pale waliokuja wawili wanahudumiwa kwanza. Muuguzi akamsifu mbele ya watu, akasema laiti wanaume wote wangekuwa hivi, akaandika jina lake kwenye kadi. Edson akaniangalia. Nikanyamaza. Hapo ndipo kosa langu lilipo, pale niliponyamaza.

Mkewe anaitwa Judith. Alikuja sokoni Jumanne iliyopita. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia langu kuanzia saa tatu asubuhi mpaka tunafunga, anaangalia tumbo langu. Wateja walinunua wakimzunguka. Edson amemweleza ukweli wote nyumbani na hakuamini hata neno moja. Sasa Edson amehamia upande wa pili wa soko na mizani amekwenda nayo. Napima kwa kopo.

Usiniambie niende kwa Judith. Nikienda nitalazimika kusema hakuna mtu. Afadhali aamini nina mume wake kuliko ajue sina wa kwangu.

Kwa mara ya tatu nakuuliza Aprili. Sina mwingine wa kumuuliza.

Mwanao,
Erica

*

Isansa,
18 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimesikia yote, na nimefurahi nilikosea hata kama ni nusu. Huyo Clever sitamwandika tena humu.

Utakwenda kwa Judith. Usiende sokoni, nenda nyumbani kwake, mchana, watoto wakiwa shuleni. Beba kadi. Usipeleke kilo ya mchele wala kitenge, atadhani umekuja kumnunua. Ukifika usikae mpaka akwambie kaa. Halafu sema kama ulivyoniandikia mimi, usipunguze.

Wewe unaona aibu yako tu. Fikiria yule mwenzako analala na nini. Mimi nililala nacho. Kuna mambo ambayo mtu akikujia akakwambia, hata kama ni mabaya, unapata usingizi. Mimi hakuna aliyenijia.

Aprili siwezi. Nimekwambia kuna maharage.

Salamu ni nyingi.

Shangazi yako,
Loisi

Erica, hapa shangazi yako amenyamaza, anadhani ninaandika salamu za mwisho. Haya hajaniambia niandike. Mimi ni Restuta. Barua zake naziandika mimi tangu Novemba, na zako ninamsomea mimi.

Shangazi yako haoni. Jicho la kulia lilianza mwaka juzi, la kushoto limefuata. Tulimpeleka Vwawa, daktari akasema ni mtoto wa jicho, amepangiwa upasuaji Juni. Ndani ya nyumba anajua kila kitu kilipo, nje anatembea ameshika bega langu. Hataki kuja Tunduma kwa sababu hataki umkute anapapasa kuta. Usiku aliniambia anaogopa kumshika mtoto asiyemwona, asije akamwangusha. Maharage mwaka huu hatukupanda.

La pili ni langu. Mume wetu Lusubilo alipokuja kunichumbia kwetu Ivuna alisema nyumbani kwake yupo dada yake mkubwa na mtoto yatima wanayemlea. Nilifunga sanduku nikijua nakwenda kwa wifi. Nilijua ukweli jioni ile ile, nilipomwona shangazi yako anarudi kutoka kwaya na kusimama mlangoni kwake mwenyewe kama mgeni. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kinu, ukanitolea ulimi. Nilitaka kurudi kwetu, lakini ng'ombe wa mahari yangu walishatumika kumwolea kaka yangu mke.

Miaka mitatu hakunisemesha. Chumvi ikiisha alikuwa anaiambia sufuria, “Chumvi imeisha,” nami nasikia, naenda kutafuta. Lusubilo alipofariki ndugu zake walisema mjane ni mmoja, mimi nikae na wapishi. Shangazi yako alikuwa amekaa mkekani. Alisogea. Nikaenda nikakaa. Tangu siku hiyo ananiita mwenzangu. Nyumba hii haikupata mtoto, kwake wala kwangu. Mtoto uliyekuwepo ni wewe.

Nenda kwa Judith. Ningemwendea Loisi wiki ile ya kwanza nikamwambia nilidanganywa, tusingeipoteza miaka ile mitatu. Nami nilikuwa naona aibu.

Naishia hapa. Anauliza mbona salamu ni ndefu.

*

Tunduma,
10 Machi 2024

Kwako shangazi Loisi,

Shikamoo. Na anayesoma, shikamoo.

Nilikwenda kwa Judith, Alhamisi, mchana. Alinifungulia akiwa na unga mikononi. Nilisimama kama ulivyoniagiza, mpaka akasogeza kigoda kwa mguu. Nikasema yote, Clever, benchi la mtendaji, muuguzi, kunyamaza kwangu. Aliichukua kadi akaigeuza mbele na nyuma, unga ukabaki juu yake. Akaniuliza kwa nini sikumwendea yeye. Nikasema niliona aibu. Akasema, “Ungeniomba mimi, ningekuazima mwenyewe.” Halafu akalia, na mimi nikalia, chai ikapoa.

Kesho yake alinifuata asubuhi tukaenda wote kwa mtendaji. Alikaa nami kwenye lile benchi, katikati ya wale wanawake, akawa anawaeleza habari za bei ya unga. Karatasi iliandikwa, mhuri ukagongwa. Kliniki wamefuta jina la Edson, mahali pa mwenza wameweka mstari. Nilidhani siku hiyo nitakufa. Sikufa. Mizani imerudi, Edson amerudi, anasema maharage yake yalikuwa hayanunuliki kule.

Sasa wewe unayesoma. Ukitaka kuruka hapa, ruka. Kipande cha chini cha barua ile nilikisoma mara nyingi. Siku ya msiba nilitoka bweni asubuhi nikarudi kesho yake, niliwaona mmekaa mkeka mmoja, nikasema moyoni huyu amejipachika hata hapa. Nimekusema vibaya karibu miaka ishirini, na hizi barua mbili nimekulazimisha ujisomee matusi yako kwa mdomo wako. Ningejua ni wewe nisingeandika vile. Au labda ningeandika, sitaki kukudanganya. Sijui nikuite nani. Nipe muda.

Kuhusu Aprili nimeelewa. Sitauliza tena. Judith anasema atanipeleka hospitali, lakini ana mtoto mchanga wa dada yake anamlea, hawezi kukaa nami.

Mwanao,
Erica

*

Isansa,
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Mwanangu Erica,

Marahaba. Nimejua kila kitu, kwa hiyo usijisumbue kuficha.

Mwenzangu anasoma vizuri, ana sauti ya darasani, lakini ana kasoro moja. Akifika mahali ulipomtukana anakohoa, halafu anaendelea mbele kidogo. Novemba alikohoa mara moja. Desemba mara mbili. Nilikuwa namsikiliza anavyokohoa, naona aibu kwa niaba yako. Safari hii hakukohoa. Nilisikia anaikunja karatasi kabla haijaisha. Nikamwambia, mwenzangu, soma yote, hata matusi. Akasoma yote, akaniambia na yale aliyoyaandika chini ya barua yangu bila ruhusa.

Nilikasirika siku mbili. Kusema macho ya mtu bila yeye kusema ni wizi, nilimwambia hivyo. Siku ya tatu chumvi ikaisha, na mimi nimenuna, nikaiambia sufuria. Nilimsikia anacheka kule kwenye kuni mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Hasira ya mzee haina nguvu siku hizi.

Ndiyo, sioni. Naona mwanga wa mlango na weupe wa ng'ombe. Sitaki kumpokea mtoto kwa kupapasa. Nitakuja baada ya Juni nimwone kwa macho, hata kama atakuwa ameshaanza kukaa. Lakini mtoto wa kwanza hapokelewi na watu baki. Nimefikiri sana, nimeomba sana. Namtuma mwenzangu.

Yeye hakutaka. Anasema hana haki, shangazi ni mimi. Nimemwambia haki hiyo nampa mimi, kama nilivyompa mkeka. Jirani atakuwa ananipa bega lake hizo wiki tatu, ingawa anatembea haraka.

Sasa sikiliza. Usimpokee kwa ajili ya kunifurahisha. Kama moyo wako bado haujafika, niandikie kwa Gwakisa mapema, nitamwambia barabara imeharibika kwa mvua. Ataelewa na hatauliza. Kama umefika, mpokee stendi mwenyewe. Mji haujui. Usimwache avuke barabara ya malori peke yake.

Haya yote ameyaandika yeye, nami nimemkataza kupunguza.

Shangazi yako,
Loisi

*

Tunduma,
28 Aprili 2024

Kwenu shangazi,

Shikamooni. Naandika huku sanduku linafungwa, kwa hiyo barua hii safari hii haipiti kwa Gwakisa. Inakuja na msomaji wake.

Shangazi Loisi, mtoto ni wa kike. Amezaliwa tarehe kumi na nne, alfajiri, kilo tatu na robo, ana kelele za kwaya yako. Mimi niko salama, nilishonwa kidogo, naweza kukaa. Judith alikuja na bajaji saa nne usiku akiwa amevaa viatu viwili tofauti. Edson amening'iniza karatasi mezani kwetu kwamba mama mchele yuko likizo, na anauza yangu pamoja na yake. Huyo patna wa Kongo alituma ujumbe juzi kwa namba mpya: “Patna mambo, nimesikia.” Nimeusoma nikamgeuza mtoto upande wa pili anyonye. Sikujibu.

Siku ya nane alitolewa nje kama inavyotakiwa, akaonyeshwa jua na magunia ya mchele. Lakini jina hakupewa. Mwenzako alikataa katakata, akasema jina liko Isansa. Basi kubalianeni huko wenyewe, na msichukue miaka mitatu. Kwa sasa anaitwa Mama tu.

Mambo mengine atakueleza mwenyewe: alivyonikanda na maji ya moto mpaka nikamwita majina mapya, na chumvi ya kwao Ivuna aliyobeba, kana kwamba Tunduma hatuna. Alivyokuwa anaamka kabla mtoto hajalia. Stendi alishuka amekumbatia sanduku lile lile. Nililijua kwa ile kona iliyobonyea. Nilitaka kumbebea, akakataa, tukavuka barabara ya malori kila mtu ameshika upande mmoja wa kamba iliyolifunga.

Liko jambo moja ambalo najua hatakueleza. Kwa hiyo, shangazi Restuta, hapa usikohoe. Usiruke. Soma polepole, hapo jikoni, kwa sauti ya ile simu.

Kwenye mlango wa wodi ya wazazi muuguzi alisema anaingia mtu mmoja tu wa kukaa nami. Judith akarudi nyuma. Muuguzi akakutazama juu mpaka chini, na kikapu chako, akaniuliza wewe ni nani wangu. Ukaanza kumjibu kwamba umenisindikiza tu, kwamba wewe ni mtu wa kumwandikia barua shangazi yangu, na ulikuwa umeshaanza kugeuka. Maumivu yalikuwa yamenishika, sikuweza kusema mengi. Nilikushika kitenge nikasema, “Huyu ni shangazi yangu. Ninao wawili.”

Mwanenu,
Erica